Je, Pana Heri Katika Filamu ya Kutisha?



Ndugu wasomaji, makala hii imezaliwa na ubishi. Usiku wa Jumamosi moja muhula uliopita umeme ulikatika hosteli kwetu hapa Mbale. Chumbani tulikuwa watatu, na laptopu moja yenye chaji ya kutosha filamu moja tu. Mwenye laptopu nilikuwa mimi, kwa hiyo mimi ndiye niliyechagua. Nilichagua filamu ya kutisha ya Marekani ya mwaka 1968, isiyo na rangi, inayoitwa Night of the Living Dead, yaani usiku wa maiti walio hai. Mwenzetu mmoja alilala kabla haijafika nusu. Mwingine, ambaye sote tunamwita Shehe ingawa yuko mwaka wa pili tu, aliitazama mpaka mwisho huku akisema kila baada ya dakika kumi kwamba anataka kulala. Ilipokwisha alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa ndugu yangu, hapa umepata nini?"

Nilimjibu ovyo. Nilisema ni filamu maarufu, ni sanaa, ni historia. Yeye akasema historia inasomwa vitabuni, na mtu mwenye akili timamu hajitishi kwa hiari yake. Tukabishana mpaka laptopu ikazimika, na asubuhi tukaendelea njiani tukitoka kuswali Alfajiri. Swali lake lilikuwa la haki, na jibu langu halikuwa na uzito wowote. Hili hapa ni jibu langu la pili. Sitoi fatwa. Anayetaka hukumu ya kutazama filamu awaendee walimu wetu, naye atakuta hawakubaliani. Mimi nauliza jambo dogo zaidi: katika kitu kilichotengenezwa makusudi ili kumtisha mtu, panaweza kuwa na heri yoyote kwa Muislamu anayekitazama?

Kwanza niieleze filamu yenyewe, maana wengi wenu hamjaiona na baadhi yenu hamtaiona.

Mwongozaji wake, George Romero, alikuwa kijana wa miaka 27 wakati wanaipiga picha, mwaka 1967. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza matangazo ya biashara mjini Pittsburgh, mbali kabisa na Hollywood. Fedha hawakuwa nazo. Watu kumi walichanga dola 600 kila mmoja, wakaanza kazi, na baada ya wengine kuongezea, gharama zote zilifikia kama dola 114,000, ambazo hata kwa wakati ule zilikuwa kidogo kwa filamu ya kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Walipiga picha karibu na mji mdogo wa Evans City, kwenye makaburi ya kweli na katika nyumba ya shambani iliyokuwa ikingoja kubomolewa. Damu ilikuwa ni sharubati ya chokoleti, kwa sababu penye picha isiyo na rangi jicho halitofautishi. Mmoja wa waliochangia alikuwa na bucha, basi akaleta nyama. Wachangiaji wengine waliingia wenyewe mbele ya kamera. Karl Hardman, mmoja wa watayarishaji, ndiye aliyecheza kama baba mkorofi wa familia, na Marilyn Eastman, aliyecheza kama mke wake, ndiye pia aliyewapaka watu rangi ili wafanane na maiti.

Hapa pana jambo litakalowafurahisha wale wanaojali haki za watu. Sisi wanafunzi tunaiba filamu, tuseme ukweli. Tunazipakua, tunagawana kwenye flashi, na hakuna anayeuliza mwenye mali ni nani. Hii hatukuiba. Ilikuwa na jina jingine mwanzoni. Msambazaji alipolibadilisha aliondoa jina la zamani pamoja na tangazo la hakimiliki lililokuwa pamoja nalo, akasahau kuliweka upya. Kwa sheria ya Marekani ya zama zile, filamu iliyotoka bila tangazo hilo ikawa ni ya umma. Basi Romero na wenzake waliona kazi yao ikionyeshwa na kuuzwa na kila mtu, na wao wakikosa sehemu kubwa ya faida. Ni halali kwetu kuipakua, lakini naona haya kidogo kila nikikumbuka uhalali huo umepatikana vipi.

Umasikini wa filamu hapa Uganda si jambo la kustaajabisha. Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha ambazo inasemekana hazikufika dola 200, na dunia nzima imeitazama. Lakini Nabwana alitaka helikopta, akaziunda kwa kompyuta, tukacheka naye. Romero hakutaka kitu asichoweza kukilipia. Alikuwa na nyumba moja, usiku mmoja, watu saba ndani na majirani wengi nje wanaotembea polepole. Kwa kuwa hakuweza kununua jini la kutisha, ilimbidi atafute kinachotisha ndani ya nyumba. (Hata hivyo ningelipa kiingilio kwenye kibanda chochote kumsikia VJ mmoja akiitafsiri hii kwa Kiganda.)

Kisa ni hiki. Kaka na dada wanaendesha gari mwendo mrefu kwenda kuweka shada kwenye kaburi la baba yao. Dada anapiga magoti kuomba, kaka anamkejeli na kumtisha kwa mzaha. Kwa mbali anaonekana mtu mzima, amevaa suti, anapepesuka kati ya makaburi kama mzee mgonjwa. Huyo ndiye wa kwanza. Kaka anauawa, dada, Barbra, anakimbilia nyumba ya shambani, na hapo anafika Ben, mtu shupavu, anayeanza kupigilia mbao milangoni na madirishani. Baadaye inagundulika kwamba katika chumba cha chini ya ardhi walikuwa wamejificha wengine muda wote: mume na mke na binti yao mgonjwa, pamoja na kijana na mchumba wake. Waliwasikia wenzao wakihangaika juu, na mume, Cooper, akaamua asifungue.

Kutoka hapo filamu yote ni ugomvi. Cooper anataka wote washuke chini wafunge mlango mmoja. Ben anasema chini ni mtego, hakuna pa kutokea. Kila mmoja ana hoja. Kinachotisha hapa si maiti, kwa kuwa maiti wenyewe ni wazito na wajinga, na mtu mwenye mbio angewaacha nyuma. Kinachotisha ni kuona watu saba wenye bunduki, mbao, redio na televisheni wakishindwa kuifikia asubuhi kwa sababu wawili kati yao hawawezi kuvumilia kukosolewa. Nimekaa kwenye vikao vya jumuiya zetu za wanafunzi. Nawajua Cooper na Ben kwa majina yao ya Kiislamu.

Sisemi ni filamu isiyo na kasoro. Wengine wanaigiza kama wanasoma ubao. Barbra anapewa nafasi ya kupiga mayowe mwanzoni, kisha anakalishwa kwenye kochi, kimya, karibu mpaka mwisho, kana kwamba mwanamke akishaogopa hana tena la kufikiri. Dada zangu wa kamati ya wanawake wangekuwa na la kusema.

Sasa nije kwenye neno moja lililonishika. Katika filamu nzima neno zombi halitamkwi hata mara moja. Watangazaji wa habari ndani ya filamu wanawaita viumbe wale kwa neno la Kiingereza ambalo asili yake ni Kiarabu: ghul. Aliyesoma hadithi atalikumbuka. Waarabu wa zama za Jahiliya waliamini kwamba ghul ni aina ya shetani anayekaa nyikani, anayejigeuza sura mbele ya msafiri na kumpoteza njia mpaka amwangamize. Katika Swahihi Muslim, kwa Jabir (R.A.), Mtume (S.A.W.) anakanusha mambo kadhaa ambayo watu waliyaogopa, na ghul ni mojawapo. Wanazuoni wamehitilafiana katika kuieleza. Wapo waliosema kinachokanushwa ni kuwepo kwake kabisa. Wapo waliosema kuwepo hakukukanushwa, bali kilichokanushwa ni ule uwezo wake wa kujigeuza na kuwapoteza watu njia.

Nilimwambia Shehe kwamba Romero, bila kujua, ameangukia kauli ya pili. Maiti wake wapo, wanakuja, wanagonga. Lakini hawampotezi mtu njia. Wanaopotea njia katika nyumba ile wanapotezana wenyewe. Shehe akasema nimeibebesha sharubati ya chokoleti mzigo mzito. Labda.

Kisha yeye akaleta hadithi yake, nayo ilikuwa na nguvu. Abu Dawud amepokea kwamba Maswahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), mmoja wao akalala, mwenzake akachukua kamba aliyokuwa nayo yule aliyelala, naye akashtuka kwa hofu. Mtume (S.A.W.) akabainisha kwamba si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Na ule ulikuwa mzaha tu, wa kamba tu. "Sasa," akasema Shehe, "hawa waliokaa mwaka mzima wakipanga namna ya kuwatisha watu wasiowajua, wakawatoza na kiingilio?"

Nilichukua siku mbili kufikiri. Naona tofauti iko kwenye usingizi. Yule Swahaba alikuwa amelala, yuko kwenye amani ya wenzake, hakuwa na habari. Amani ndiyo iliyovunjwa. Anayeketi kutazama filamu ya kutisha anajua anachokwenda kukikuta na anaweza kuinuka. Shehe mwenyewe alisema mara tano kwamba anainuka. Lakini hoja yangu inanihukumu mimi pia, kwa sababu filamu hii ilipotoka Marekani ilionyeshwa mchana kwenye majumba ya sinema yaliyojaa watoto. Utaratibu wa kuzipanga filamu kwa umri wa watazamaji ulianza huko Novemba 1968, mwezi mmoja tu baada ya filamu hii kutoka. Mhakiki Roger Ebert aliandika mapema mwaka 1969 juu ya onyesho la namna hiyo: watoto walianza kwa kelele za furaha, wakaishia kunyamaza, na wapo waliolia. Wale walikuwa wamelala kwa maana ya hadithi. Waliwaamini wakubwa waliowakatia tikiti. Katika hilo nampa Shehe ushindi wake wote.

Akanipa nami hoja bila kukusudia, kwa kusema kwamba kilichomuudhi zaidi si kuliwa kwa watu bali ni namna maiti walivyofanywa. Kuna mahali mtaalamu anatoa maelekezo kwenye televisheni: maiti wachomwe moto mara moja, jamaa wasingoje mazishi. Shehe alisema pale alitamani kuizima. Sisi tumefundishwa kwamba kumvunja maiti mfupa ni kama kumvunja akiwa hai, na kwamba kumwosha, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi juu ya umma. Wasipofanya hata wachache, wote wanapata dhambi. Nami nilikumbuka nyumbani Busia wakati wa korona, mzee wa msikiti wetu alivyoshushwa kaburini na watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki, na sisi tumesimama barabarani kwa mbali, tusijue upande wa kichwa ni upi. Hakuna aliyefanya kosa siku ile. Lakini nadhani sote tulioisimamia barabara ile tunajua kwamba kuna vitu mtu akivivua kwa dharura, kuvivaa tena ni kazi.

Na hivyo nafika mwisho wa filamu. Naueleza wote, kwa hiyo asiyetaka kuujua aruke aya mbili.

Wote wanakufa isipokuwa Ben. Maiti wanapovunja na kuingia, Ben anakimbilia chumba cha chini, kile kile alichokikataa usiku kucha. Anafunga mlango. Hawampati. Kwa hiyo Cooper, mtu mbaya, alikuwa sahihi juu ya chumba, na Ben, tuliyempenda, alikosea, na katika kukosea kwake watu wamekufa. Cooper mwenyewe amempiga risasi kwa mkono wake. Nimeipenda filamu kwa ujasiri huo wa kutomfanya Ben malaika. Asubuhi inafika. Kundi la wanaume wa wilaya wenye bunduki na mbwa, wakiongozwa na mkuu wao wa polisi, wanavuka malisho wakiwapiga risasi maiti mmoja mmoja. Si watu waovu. Wamekesha, wanakunywa kahawa, wanataniana, wanafanya kazi ambayo lazima ifanywe na mtu. Ben anasikia milio, anapanda juu kwa tahadhari, anachungulia dirishani. Mmoja anamwona mtu dirishani. Hamuiti, wala hangoji asikie sauti yake. Anampiga risasi ya kichwa, mkuu wake anamsifu kwa shabaha, na wanaendelea. Kisha zinafuata picha zisizotembea, zenye chengachenga kama za gazeti: kulabu za nyama, mwili unaburutwa, Ben analazwa kwenye kuni kando ya yule maiti wa kwanza wa makaburini, na moto unawashwa.

Ben alichezwa na Duane Jones, Mmarekani mweusi. Romero amesema daima kwamba walimchukua kwa sababu ndiye aliyekuwa bora kati ya waliojaribiwa, na mswada haukutaja rangi. Lakini Aprili 1968, wakiwa garini kuipeleka filamu iliyokwisha New York kuitafutia msambazaji, walisikia redioni kwamba Martin Luther King ameuawa kwa risasi. Baada ya hapo hakuna mtu angeweza kuziangalia zile picha za kulabu na wanaume weupe wenye bunduki akadhani ni juu ya maiti tu.

Mimi sikuuona mwisho ule kwa jicho hilo mara ya kwanza. Niliuona kwa jicho la stendi ya Busia.

Shehe amenishauri nisiyaandike haya. Amenikumbusha kwamba aliyesitiriwa na Mwenyezi Mungu hapaswi kupambazukiwa akijifichua. Nimelifikiria sana. Lakini lile halikuwa jambo la sirini. Lilifanyika mchana wa Alhamisi mbele ya stendi nzima.

Ilikuwa likizo ya mwaka wangu wa kwanza. Wiki zile wezi wa simu walikuwa wamezidi, na simu yangu mwenyewe ilikuwa imechomolewa mfukoni siku tisa nyuma. Nilikuwa nimesimama kwenye taksi za Tororo niliposikia neno lile ambalo kila mtu wa mjini analijua. Mwizi! Kijana mmoja alikuwa anakimbia, begi mgongoni. Sikuona alichoiba. Hakuna aliyeona. Watu walikuwa tayari wanakimbia, nami nikakimbia, na nikiwa nakimbia nikainama nikaokota nusu tofali. Ninachokikumbuka kuliko vyote ni kwamba sikuwa na shaka hata kidogo. Siku tisa nilikuwa mtu wa hofu, nashika mfuko wangu kila nikisukumwa. Na sasa hofu yote imepata sura na miguu, nayo inakimbia. Ilikuwa karibu na furaha. Tofali lilitoka mkononi mwangu. Sikuona lilipoangukia. Nimejiambia halikumpata.

Mzee mmoja mwenye duka la nafaka alimvuta yule kijana kwa kola, akamwingiza ndani na kushusha mlango wa chuma. Watu waliupiga mlango ule kwa mawe mpaka polisi wakaja. Jioni habari ikajulikana: kijana alikuwa anawahi basi la Kampala lililokuwa linaondoka. Begi lilikuwa na nguo zake. Watu wakasema aah, wakaendelea na shughuli zao. Mimi nilikwenda kuswali Magharibi.

Na muhula ule ule uliotangulia likizo hiyo nilikuwa nimesoma darasani kisa cha Usama bin Zayd (R.A.), nikapata alama nzuri. Mnakijua. Alikuwa katika kikosi kilichopelekwa kwa Huraqa wa kabila la Juhayna. Yeye na mwenzake wa Kianswari walimfukuza mtu mmoja, na walipomfikia akatamka shahada. Yule Answari aliuzuia mkono wake. Usama akampiga mkuki akamuua. Habari ilipofika kwa Mtume (S.A.W.), Usama alijitetea kwamba mtu yule alisema vile kwa kuogopa silaha tu. Mtume (S.A.W.) akamuuliza iwapo aliupasua moyo wake akajua. Akawa anamrudishia lawama ile mara kwa mara, mpaka Usama akatamani laiti angekuwa hajasilimu kabla ya siku hiyo. Na wako wafasiri wanaoileta aya ya 94 ya Suratu Nisaa katika mambo ya namna hii, ile inayowaamuru walioaminiwa na silaha, walio safarini katika jambo la haki kabisa, wahakikishe kwanza, na wasimwambie anayewapa salamu kwamba wewe si mwenzetu.

Darasani niliandika kwamba somo ni kutohukumu nyoyo za watu. Ni sahihi. Lakini kuna jambo ambalo sikuliona mpaka niliporudi kwenye kisa kile baada ya filamu. Walikuwa wawili. Walimfukuza mtu yule yule, wakasikia maneno yale yale, kwa muda ule ule. Mmoja mkono ulisimama, wa mwingine haukusimama. Na yule ambaye mkono wake haukusimama hakuwa mtu duni. Alikuwa kipenzi cha Mtume, mwana wa kipenzi cha Mtume. Uislamu haukufundisha tahadhari hii kwa kutumia mfano wa jambazi.

Shehe aliniuliza swali ambalo nililitarajia: ikiwa kisa cha Usama ulikuwa nacho, filamu ilikuwa ya kazi gani? Je, Qur'ani na Sunna zimekupungukia hata ukasaidiwe na mtu wa matangazo wa Pittsburgh? Nilimjibu hazikupungua chochote. Aliyepungua ni mimi. Niliposoma kisa kile nilijiweka upande wa muulizaji. Nilikaa pamoja na Mtume (S.A.W.) nikimshangaa Usama, ndivyo mwanafunzi anavyosoma. Filamu ilinidanganya. Kwa saa moja na nusu ilinikalisha ndani ya nyumba pamoja na Ben, nikaogopa pamoja naye, na nilipoona wanaume wa asubuhi nikafurahi kama mtu anayeokolewa. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, watu wenye bunduki wamefika. Nilikuwa upande wao kabisa mpaka risasi ilipotoka. Kisha zikaja zile picha zisizotembea, na kati ya sura za wale wanaume nilikuwa naitafuta yangu.

Kwa hiyo nasema pana heri. Haitoki kwenye damu, na wapo wengi wanaotazama filamu kama hizi kwa ajili ya damu tu, nami simtetei mtu huyo. Wala sisemi kila mtu atapata nilichokipata. Mwenzetu wa tatu alipata usingizi mzuri. Hofu ni amana miongoni mwa amana. Sote tunasoma juu ya kumcha Mungu, lakini hizi hofu ndogo, ya mwizi, ya maradhi, ya mgeni, ya mtu wa kabila jingine anayegonga usiku, hakuna somo lenye msimbo wake kwenye ratiba yetu. Filamu nyingi za kutisha humwambia mtazamaji: unachokiogopa ni kibaya kweli, kiue. Hii moja, ya watu masikini wenye sharubati ya chokoleti, ilimwacha mtazamaji aue, kisha ikamwonyesha nani ameuawa.

Shehe bado hajakubali. Anasema nimeokota dhahabu jaani, na kwamba anayeokota dhahabu jaani asiwaite wenzake wahamie jaani. Ni maneno mazuri, na nimemwahidi kuyaandika.

Limebaki jambo moja la kifiqhi. Toba ya dhambi inayohusu haki ya mja haitimii kwa istighfari peke yake. Ukimdhulumu mtu sharti umwendee. Idi iliyopita nilikwenda Busia nikaingia kwenye duka la nafaka la mzee yule. Nilinunua kilo mbili za maharage ambazo mama hakuniagiza. Alipokuwa anapima nilimwambia, "Shikamoo tena, mzee. Samahani, yule kijana uliyemfungia humu ndani, wa basi la Kampala, unajua anatoka wapi? Natafuta njia ya kumpata."

Aliweka jiwe la mizani, akaniangalia.

"Kijana yupi, mwanangu?" akasema. "Wa mwaka gani?"